Neno "Rahisi" na Njia za Ziwa la Mattmark: Jaribio la Uainishaji

Fani ya kuainisha njia rahisi za milimani ina uhaba mkubwa wa wataalamu. Hadi ninapoandika haya, waliokwenda uwandani kwa kazi hiyo tu ni wawili: mimi, na mama yangu mzazi, ambaye hakujua kwamba anafanya utafiti na alipojulishwa aliulizia posho. Uwanda wetu ni Ziwa la Mattmark, kule bonde la Saas linakoishia, katika jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi, mita 2,197 juu ya usawa wa bahari. Ni ziwa la kutengenezwa. Limezuiwa na tuta la udongo na mawe lenye kimo cha mita 120, na ukitembea juu ya tuta hilo kutoka upande huu wa bonde hadi ule unakwenda mita 780. Maji yake huteremshwa kuzalisha umeme. Njia inayolizunguka ina kilomita 8 hivi, na kila kijitabu cha wageni kinaiita rahisi. Shemeji yangu, Mswisi aliyemwoa mdogo wangu na kujifunza Kiswahili kwa bidii ya mtu anayejenga daraja, naye aliiita hivyo hivyo.

"Mama, ni rahisi tu. Rahisi sana."

"Shilingi ngapi?" mama akauliza.

Swali hilo ndilo chanzo cha insha hii.

Tuanze na fasili, kama ilivyo ada. Kiswahili kimeuweka wepesi na unafuu wa bei ndani ya neno moja. Mtihani huwa rahisi, nyanya nazo huwa rahisi, wala hakuna anayechanganyikiwa. Kiarabu kilichotukopesha neno hili kilikuwa kinazungumzia bei. Wepesi tumeuongeza sisi baadaye, pengine kwa kuona kwamba kisichokutoa jasho na kisichokutoa pesa ni watoto wa mama mmoja. Wahenga waliwashuku wote wawili, wakasema rahisi huvunja upishi. Kijerumani, lugha ya shemeji, kina leicht kwa kilicho chepesi na billig kwa kilicho cha bei ya chini, na kila neno linakaa nyumbani kwake. Kwa hiyo asubuhi ile shemeji alisema jambo moja na mama akasikia mawili.

Ukizipanga maana hizo mbili kwenye jedwali, unapata makundi manne ya njia. Kundi la kwanza, rahisi kwa miguu na rahisi kwa mfuko, bado halijapata kielelezo upande wa Uswisi. Tulilitafuta kwa moyo mweupe. Tulipofika kwenye mgahawa ulio hapo bwawani, na mama akabadilishiwa bei ya kikombe cha chai kuwa shilingi za Kitanzania, tulilifunga rasmi. Kundi la pili ni gumu kwa miguu na rahisi kwa mfuko. Hili wengi wetu tumelikulia, ndiyo njia ya kwenda shule. La tatu, gumu kote kuwili, ndilo wageni wanalolilipia Kilimanjaro. Mattmark niliiweka kundi la nne, nyepesi kwa miguu na ghali kwa mfuko, nikafunga daftari nikijiona nimemaliza kazi kabla ya saa nne asubuhi.

Sikuwa wa kwanza. Waswisi wenyewe wameshaziainisha njia zao, na hawakufanya mzaha. Mwaka 1979 wapiga kura waliziingiza njia za miguu kwenye katiba ya nchi. Mama aliposimuliwa hili alinyamaza, kisha akauliza kama katiba yao ni kitu kile kile tunachokijua sisi au ni kitabu kingine. Mtandao wenyewe una kilomita kama 65,000. Vibao vya njano ni vya njia za kawaida. Rangi nyeupe, nyekundu na nyeupe ni za njia za mlimani. Nyeupe, buluu na nyeupe ni za wale ambao huenda wakahitaji kamba. Chama chao cha wapanda milima kina ngazi sita, kuanzia T1 hadi T6. Kwenye T1 raba zinatosha, na hata ramani si lazima. Ukifika T4, mikono nayo inaanza kufanya kazi ya miguu. Halafu vibao havitaji umbali, vinataja muda, na muda huo umepigiwa hesabu ya mwendo wa kilomita 4.2 kwa saa penye tambarare, bila mapumziko. Sijawahi kuona watu walioamini kiasi hicho kwamba wote wanatembea sawa.

Kasoro ya mizani hiyo ni kwamba inapima njia na kumsahau anayepita. Njia ya kutoka nyumbani kwetu Kilema kwenda shambani kwa bibi haina kibao, lakini naifahamu vya kutosha kuipa daraja. Wakati wa kiangazi, mikono mitupu, ni T1. Ukiwa na mkungu wa ndizi kichwani ni T2. Masika, na mkungu kichwani, na mtoto mgongoni, na udongo mwekundu umelowa, hiyo ni T4 bila ubishi, na mama aliipita hivyo miaka mingi akiwa amevaa malapa. Nilimweleza shemeji. Akasema mizani ya chama haina nafasi ya ndizi.

Ndiyo maana tuliiacha mizani yao na kutumia ya nyumbani, yaani ngeli na viambishi, kwa kuwa kila aliyepita shule ya msingi ameshateswa navyo. Kuna njia, kuna ujia, kuna kijia. Njia kamili ni ile ya juu ya tuta: imenyooka, pana, maji upande mmoja na bonde lote la Saas upande wa pili, na juu yake kila mtu hupunguza mwendo na kushika kiuno kama aliyesimamia ujenzi mwenyewe. Upande wa magharibi kuna kitu kilicho kikubwa kuliko njia, nacho nimekiita barabara mstaafu. Ni ya changarawe, ina upana wa gari, na ingawa siku hizi inapitwa na mabuti na vigari vya watoto bado ina tabia za gari: haipindi bila sababu wala haipandi bila kukuarifu mapema. Upande wa mashariki kuna ujia, mwembamba, unaopita katikati ya mawe na majani mafupi, na ambao watu wawili wakikutana mmoja lazima asimame. Kijia, mwishowe, ni jamii yenye vielelezo vingi kuliko zote. Huanza ghafla pembeni mwa njia kuu, huenda hatua kumi na tano, na huishia nyuma ya jiwe kubwa. Fasihi ya utalii haikitaji kabisa. Mtafiti aliyekunywa chai ya mgahawani hakosi kukigundua.

Zote hizi zimo katika kabila moja kubwa la njia za mzunguko, na hapa ndipo mama alipotoa mchango wake wa kwanza wa kinadharia.

"Tunakwenda wapi?"

"Tunazunguka ziwa, Mama," shemeji akajibu.

"Tunazunguka, halafu tunafika wapi?"

"Tunafika hapa."

Mama aliangalia pale tulipokuwa tumesimama. "Hapa si tumeshafika?"

Mabaharia wa pwani walishalitafakari suala hili kabla ya Waswisi: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini baharia anazunguka ndani ya jahazi kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Mtembeaji wa Mattmark amepanda treni, akabadilisha, akapanda basi la njano la posta likapinda kona zote za bonde, ili ashuke mahali, akizunguke kitu, apande basi lile lile. Ugumu wa mama, nilivyokuja kuelewa, ulitokana na kitenzi. Shemeji alikuwa amemwambia jana yake, "Mama, kesho tunakwenda kutembea." Na kwa Kiswahili cha mama, kama cha watu wengi wenye adabu, kwenda kutembea ni kwenda kwa mtu. Hutembei mikono mitupu. Katika begi la shemeji, chini ya makoti ya mvua na mkate, mama alikuwa ameweka pakiti ya korosho aliyotoka nayo nyumbani, ya kuwapa wenyeji. Kila tulipoketi na mkono wa mmoja wetu ukaelekea kule, alituzuia. Ni ya wenyeji.

Watembeaji wenyewe sitawachambua sana, wanajulikana. Kuna wa fimbo mbili, wanaotoa sauti ya kaa juu ya mawe. Kuna familia zenye mtoto anayekataa kutembea na mbwa anayekataa kusimama. Na kuna jamii adimu ya wanaotokea kusini, kwenye tambarare ndogo ya vijito ambako ziwa linaanzia, wakishuka kutoka Monte Moro, lango la mita 2,853 linaloingia Italia, ambako wamesimamisha sanamu ya Bikira Maria iliyopakwa rangi ya dhahabu. Hawa hututazama sisi wa kuzunguka ziwa kama dereva wa basi la mikoani anavyomtazama wa bajaji. Kuna pia mnyama aitwaye marmoti, mnene, wa umbo la pimbi aliyeshiba, anayepiga mluzi akiona mtu. Mama alimwitikia.

Salamu zinahitaji zaidi. Mtu wa mjini Uswisi, ndani ya tramu, hakusalimii. Ukimsalimia anakagua mfuko wake. Mpandishe mtu huyo huyo mlimani, na kuanzia kimo fulani anakusalimia bila kukujua, na asipofanya hivyo wenzake wanamwona hana malezi. Shemeji anakiri sheria hii ipo lakini hajui inaanzia mita ngapi. Sisi tuliikuta imeshaanza kazi juu ya tuta. "Grüezi," wanasema wakutanapo na mmoja, na kwa wengi "Grüezi mitenand", ambayo ni hamjambo yao. Kwa mama jambo hili lilikuwa la kawaida kabisa, isipokuwa fupi mno. Alipoambiwa Grüezi alijibu, "Salama, habari za huko mtokako?" kisha akasimama kungojea jibu. Kwenye ule ujia wa mashariki, ambako mmoja akisimama wote wamesimama, foleni ilifika watu kumi na moja. Hakuna aliyelalamika. Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya alimjibu kwa Kijerumani cha bondeni, kirefu, akionyesha goti lake, na mama akampa pole. Mzunguko ambao hauzidi sana saa mbili kwa hesabu ya vibao ulituchukua nne na ushei. Napendekeza ile 4.2 isahihishwe.

Huko njiani nilipata pia nafasi ya kuvamia fani ya majina, ambayo huwavutia wasomi wasio na kazi. Ulimi wa barafu unaoning'inia magharibi mwa bwawa unaitwa Allalin. Kijiji cha chini ni Saas-Almagell. Safu ya milima jirani ni Mischabel. Na lango ni Moro. Tangu karne ya 19 wamekuwepo watu wanaosema majina haya ni ya Kiarabu, yaliyoachwa na wale Waislamu waliokuwa na ngome yao Fraxinetum, katika pwani ambayo leo ni ya Ufaransa, na ambao katika karne ya 10 walishika baadhi ya njia za Alps. Mwaka 972 walimteka hata abati wa Cluny, Maiolus, akakombolewa kwa fedha. Kwa nadharia hiyo, Almagell ni al-mahall, neno lile lile lililotupa sisi "mahali", na Allalin inahusu ayn, chemchemi, ambayo mzizi wake umetupa "aina" na, kwa hiyo, "uainishaji". Wanaisimu wengi wanaitilia shaka nadharia hii, na nadhani wana haki. Lakini fikiria furaha ya mwainishaji anayeambiwa kwamba barafu iliyo juu ya kichwa chake ni binamu wa kazi yake. Niliwaeleza wenzangu kwa dakika ishirini. Mama alitaka kujua: kama ni mahali, ni mahali pa nani?

Sasa lile swali lililotuleta: kwa nini njia hii ni rahisi? Milima yote ya Saas imesimama wima. Unashuka kwenye basi, unatazama juu, shingo inauma. Iweje katikati ya wima wote huo kuwe na kilomita 8 ambazo mtu wa miaka 67 mwenye goti la kushoto anazimaliza akiongea?

Jibu alilitoa mama, naye alilitoa kwa mfongo. Wachaga wamechimba mifongo karne na karne, mifereji inayochepusha maji kutoka kwenye mito ya Kilimanjaro na kuyapeleka mashambani, na kila mtoto wa kule anajua kwamba ukitaka kwenda mbali bila kuchoka unafuata mfongo, kwa sababu maji hayapendi mteremko mkali: ukiyaharakisha yanabomoa. Shemeji alisimama. Valais nayo, akasema, imejaa mifereji ya namna hiyo, ya tangu enzi za kale, wanaiita Suonen, na njia zinazofuata Suonen ndizo rahisi kuliko zote jimboni. Wakaanza kulinganisha nani anazibua, nani anagawa zamu za maji, nani anatozwa faini akiiba zamu ya jirani. Waliongea nusu saa bila mimi kuhitajika.

Ziwa ni hatua moja mbele ya mfongo. Mfongo unateremka taratibu, ziwa haliteremki kabisa. Ni pima maji ya fundi iliyolazwa katikati ya milima, na anayepita ukingoni anatembea juu ya mstari ambao maji yamemchorea. Kwa hiyo njia ni rahisi kwa sababu kuna ziwa, na ziwa lipo kwa sababu kuna tuta. Hapo shemeji akawa mkimya kidogo, kisha akasema tukimaliza atatuonyesha kitu.

Bwawa la kwanza la Mattmark halikujengwa na mtu. Barafu ya Allalin, enzi zake za unene, ilishuka hadi chini ikalivuka bonde na kuuziba mto, na nyuma yake ziwa likajikusanya. Kila ilipopasuka, maji yalishuka yote kwa mpigo juu ya watu wa Saas. Gharika ya mwaka 1633 ilisomba nyumba na mashamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wahandisi walikuja kuifanya kazi ya barafu kwa utaratibu. Malighafi waliikuta hapo hapo: mawe na udongo ambao barafu yenyewe ilikuwa imeusukuma na kuuacha kwa maelfu ya miaka. Mabanda ya wafanyakazi, karakana na kantini vilijengwa chini ya tuta, karibu na kazi. Juu yao ulikuwepo ulimi wa Allalin.

Tarehe 30 Agosti 1965, saa kumi na moja na robo jioni, ulimi huo ulikatika. Barafu na kifusi, kiasi cha mita za ujazo milioni 2, vilifunika mabanda katika muda usiofika dakika moja. Walikufa watu 88, wanaume 86 na wanawake 2. Uainishaji wao ulishafanywa na wengine: Waitalia 56, Waswisi 23, waliobaki Wahispania, Wajerumani, Waaustria, na mmoja asiye na uraia wa nchi yoyote. Wengi walikuwa vibarua wa kigeni waliokuja milimani kwa msimu. Watu 17 walishtakiwa, na mwaka 1972 wote wakaachiwa huru. Familia zilizokata rufaa zilishindwa, zikatakiwa kulipa nusu ya gharama za kesi. Bwawa lilikamilika mwaka 1967.

Nilifungua daftari kwenye lile jedwali langu. Safu ya bei ilikuwa imehesabu mfuko wa anayetembea tu. Nilitafuta pa kuongeza safu nyingine, karatasi ikawa haitoshi, nikaliacha lilivyo.

Kumbukumbu yao iko karibu na bwawa. Shemeji alituongoza, akavua kofia. Babu yake, alisema, alifanya kazi kwenye mabwawa kama haya, bonde jingine, na hakuwahi kupenda kurudi kuyazunguka siku ya Jumapili. Mama alimuuliza idadi, akamwambia. Akamuuliza kama wenyewe walikuwa watu wa hapa, akamwambia wengi hawakuwa wa hapa, walikuja kikazi.

Mama alisimama muda. Kisha akaomba begi, akapekua chini ya makoti, akaitoa pakiti ya korosho na kuipasua kwa meno. Alimwekea shemeji kwenye kiganja, akaniwekea mimi, akajiwekea mwenyewe.

"Kuleni," akasema. "Tumeshafika."

Tulikula tukiwa tumesimama. Basi lilikuja dakika ile ile iliyoandikwa kwenye kibao.